Upasuaji wa sakafu ya fuvu kupitia puani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ambayo wagonjwa na ndugu zao hurudia kuuliza, kliniki, wodini na mara nyingi kwenye simu usiku baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Tumeyapanga kuanzia yale ya mwanzo kabisa hadi hali zisizo za kawaida. Kama umeshafanyiwa upasuaji na una wasiwasi sasa hivi, ruka moja kwa moja hadi swali la dalili za hatari.

## Mambo ya msingi

Sakafu ya fuvu ni sehemu gani, na kwa nini kila daktari anasema ni pagumu kufika?

Ni mfupa ambao ubongo umeukalia. Juu yake ni ubongo. Chini yake ni macho, pua, sainasi, koo na shingo. Imejengwa na mifupa kadhaa iliyoungana, na ule wa katikati, unaoitwa sfenoidi, una kishimo kidogo kilichobeba tezi ya pituitari, tezi ya ukubwa wa punje ya kunde inayoongoza homoni karibu zote za mwili.

Ugumu wake hautokani na umbali, kwani kutoka tundu la pua hadi kwenye pituitari ni kiasi cha urefu wa kidole. Tatizo ni majirani. Ateri mbili za karotidi, zinazolisha ubongo, zinapanda kulia na kushoto kwa pituitari. Juu yake tu zinakutana neva za kuonea. Pembeni zinapita neva zinazogeuza macho na zile za hisia za uso. Kila mshipa una tundu lake mfupani, na uvimbe ukiota hapo huwa umebanwa katikati ya vitu ambavyo mtu hawezi kuishi vizuri bila hivyo.

Wanapitaje puani? Uso wangu utakatwa?

Kwa njia ya pua peke yake, hapana. Daktari anaingiza endoskopu, chuma chembamba chenye taa na kamera, upana wake kwa kawaida milimita 4, na picha inaonekana kwenye skrini kubwa. Ziko zinazotazama mbele moja kwa moja na zinazotazama kwa pembe ya nyuzi 30, 45 au 70, hivyo daktari anaweza kuona nyuma ya kona ambayo jicho lisingeiona.

Nyuma ya pua kuna sainasi, vyumba vya mfupa vilivyojaa hewa. Vyumba hivyo ndivyo ukumbi wa kupitia. Hufunguliwa kimoja baada ya kingine hadi ukuta wa nyuma wa sfenoidi, kisha mfupa mwembamba uliobaki husagwa kwa drili ndogo. Kwa kawaida madaktari wawili hufanya kazi kwa pamoja, mmoja wa masikio, pua na koo, mwingine wa upasuaji wa ubongo, kwa mikono minne kupitia matundu yote mawili ya pua. Mgonjwa amelala usingizi wa nusukaputi muda wote.

Ni jambo jipya? Sitaki nifanyiwe majaribio.

Kupita puani si kupya. Hermann Schloffer aliondoa uvimbe wa pituitari kwa njia hiyo mjini Innsbruck mwaka 1907, ila yeye ilimbidi aigeuze pua nzima pembeni. Harvey Cushing wa Marekani akaiboresha kwa kupita chini ya mdomo wa juu, halafu baadaye akaiacha na kurudi kufungua fuvu, kwa sababu ndani mlikuwa giza na hamkuwa na namna nzuri ya kuona. Njia ingekufa kama Norman Dott wa Edinburgh asingeendelea nayo na kumwonyesha Gérard Guiot wa Ufaransa. Jules Hardy wa Montreal akaleta hadubini ya upasuaji miaka ya 1960.

Endoskopu peke yake, bila hadubini, ilianza kutumika kwa pituitari miaka ya 1990: Roger Jankowski na wenzake wa Ufaransa walitoa taarifa yao mwaka 1992, na Jho na Carrau wa Pittsburgh wakaeleza wagonjwa 50 mwaka 1997. Kwa uvimbe wa pituitari, basi, hii ni njia iliyozoeleka. Kwa maeneo ya pembeni zaidi bado ni kazi ya timu zenye uzoefu mkubwa, na ni haki yako kuuliza timu yako imefanya mara ngapi.

Ni magonjwa gani yanatibiwa hivi?

La kawaida zaidi ni uvimbe wa pituitari, ambao karibu kila mara si saratani. Wapo pia wenye kraniofaringioma (uvimbe unaoota jirani na pituitari), kodoma (uvimbe unaotokana na mabaki ya uti wa awali wa mtoto alipokuwa mimba), meninjioma (uvimbe wa utando unaofunika ubongo) za mstari wa katikati, saratani za juu ya pua, na matundu yanayovujisha maji ya ubongo. Uvimbe wa damu wa vijana wa kiume una swali lake chini.

Nimeambiwa nina uvimbe wa pituitari. Lazima nikatwe?

Si lazima, na hapa tunaomba usikilize vizuri. Aina moja ya uvimbe huu hutengeneza homoni ya prolaktini: mwanamke hukosa hedhi, maziwa hutoka bila kunyonyesha, mwanamume hupungukiwa nguvu za kiume. Aina hii kwa kawaida hutibiwa kwa vidonge, kabergolini au bromokriptini, na uvimbe hunywea bila kisu. Kwa hiyo kipimo cha damu cha prolaktini kinatakiwa kifanyike kabla mtu hajapangiwa tarehe ya upasuaji. Ikiwa hukupimwa, uliza.

Uvimbe mdogo usiotoa homoni wala kugusa neva za macho mara nyingi hufuatiliwa tu kwa picha za MRI. Unaohitaji upasuaji ni ule unaoziba kuona, hasa kuona pembeni kulia na kushoto, ule wa homoni ya ukuaji unaokuza viganja na taya, na ule unaosababisha ugonjwa wa Cushing, yaani homoni ya kotisoli kuzidi mwilini. Uvimbe ukivuja damu ghafla, kichwa kikauma vibaya na macho yakafifia, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

## Maeneo ya pembeni, na njia za kuyafikia

Daktari anaamuaje apite puani, machoni au afungue fuvu?

Kanuni kubwa ni moja: usivuke neva kuufuata uvimbe. Ukifungua fuvu kutoka juu kwenda kwenye uvimbe ulio chini ya neva za macho, itabidi uzisogeze neva ndipo uufikie. Ukitokea puani, uvimbe ndio unaokutana nao kwanza, na neva zimebaki nyuma yake. Lakini geuza picha: kama uvimbe uko nje ya neva hizo, upande wa sikio, kupita puani ndiko kunakozivuka. Hapo pua ni mlango mbaya, hata kama timu inaipenda.

Ndiyo maana wagonjwa wawili wenye uvimbe wa jina moja wanaweza kupangiwa njia tofauti kabisa. Jina la uvimbe lina uzito mdogo kuliko mahali neva zilipokaa kuuzunguka. CT huonyesha mifupa, MRI huonyesha uvimbe na neva, na picha hizo huingizwa kwenye mtambo wa kuongoza njia wakati wa upasuaji, unaomwonyesha daktari ncha ya chombo chake ilipo kwa kukosea milimita chache tu.

Uvimbe wangu uko kwenye ncha ya mfupa wa petrasi. Mbona hospitali ya kwanza ilisema haufikiki?

Huenda walisema kweli kwa vifaa na uzoefu walionao. Petrasi ni sehemu ngumu ya mfupa wa sikio, na ncha yake inaelekea katikati ya kichwa, ndani kabisa. Karotidi imejilaza mbele yake kama mlinzi mlangoni, na neva ya sita, inayogeuza jicho nje, inapita juu yake tu. Kutoka puani, daktari anaiona ncha ile ikiwa nyuma ya karotidi.

Ziko namna kadhaa za kumzunguka mlinzi huyo. Kama uvimbe umejisukuma wenyewe ndani ya sainasi ya sfenoidi, kama zifanyavyo mara nyingi kisti za kolesteroli, unafunguliwa kutokea hapo na kutolewa maji yake. Hiyo ndiyo bahati nzuri. Kama haujajisukuma, mfupa unaoifunika karotidi husagwa ili ateri isogezwe kidogo, au daktari hupita chini yake. Namna nyingine, ambayo kwetu ndiyo inayoeleza vizuri ubunifu wa fani hii, ni kutokea upande wa pili: jeraha dogo juu ya fizi za shavu la kushoto, chombo kinapita sainasi ya shavu hilo, kinavuka nyuma ya pua na kuufikia uvimbe wa kulia. Kwa pembe hiyo chombo kinakwenda sambamba na karotidi badala ya kuielekea, na haja ya kuigusa inapungua.

Na uvimbe ulio nyuma ya shavu?

Nyuma ya sainasi ya shavu kuna uwazi uliojaa misuli ya kutafunia, matawi ya ateri na neva ya hisia za uso. Hufikiwa kwa kuondoa ukuta wa nyuma wa sainasi hiyo, na kwa uvimbe wa mbali zaidi hupunguzwa pia ukingo wa mfupa kando ya tundu la pua. Gharama yake mgonjwa aijue mapema: ganzi ya shavu au meno ya juu, na jicho kukauka machozi ikiwa neva ndogo ya vidiani itabidi ikatwe. Shavu likikaa na ganzi baadaye, mtu asidhani amepata kiharusi.

Mfupa wa shingo unabana uti wa mgongo. Hilo nalo ni la puani?

Linaweza kuwa. Jino la pingili ya pili ya shingo likipanda na kusukuma shina la ubongo, kwa ulemavu wa kuzaliwa au baridi yabisi kali, huweza kusagwa kupitia puani. Zamani njia ilikuwa mdomoni. Puani kunamrudisha mgonjwa kwenye kula mapema, kwa kuwa kaakaa halipasuliwi. Mara nyingi shingo huhitaji pia kufungwa kwa skrubu kutokea nyuma. Daktari kwanza hupima kwenye picha kama mfupa wa kaakaa utaziba njia. Kuna kikomo cha chini ambacho chombo cha puani hakipiti.

Nimesikia wanapita kwenye kope la jicho. Jicho halitoki?

Halitoki. Mkato hufanywa kwenye mkunjo wa kope la juu, jicho husogezwa taratibu, na mfupa wa nyuma yake hufunguliwa. Njia hii inafika pale pua isipofika: upande wa nje wa sfenoidi na mfuko wa neva ya hisia za uso. Kovu hujificha kwenye mkunjo. Kope huvimba siku kadhaa, na wapo wanaoona vitu viwili viwili kwa muda.

## Usalama

Wakishafungua, wanaziba vipi tundu kati ya pua na ubongo?

Swali hili ndilo tungependa kila mgonjwa amuulize daktari wake. Kwa miaka mingi kilichozuia upasuaji mkubwa wa puani kilikuwa kuziba, wala si kufika. Ubongo unaogelea ndani ya maji ambayo mwili hutengeneza kiasi cha nusu lita kila siku. Pua ina bakteria. Tundu likibaki wazi, maji yanatoka na bakteria wanaingia, na matokeo ni homa ya uti wa mgongo.

Mabadiliko yalitoka Rosario, Argentina. Gustavo Hadad na Luis Bassagasteguy walibuni namna ya kuuchuna utando wa ukuta wa kati wa pua huku ukibaki umeshikwa na mshipa wake wa damu, kisha kuugeuza na kuulaza juu ya tundu. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 2006. Ni kiraka kilicho hai: kinaletewa damu, kwa hiyo kinashika na kupona. Kabla yake, katika upasuaji mkubwa, uvujaji ulikuwa unampata zaidi ya mgonjwa 1 kati ya 5 kwenye taarifa nyingi. Baada yake timu zenye uzoefu zilishuka hadi kiasi cha 1 kati ya 20.

Chini ya kiraka huwekwa tabaka nyingine: mafuta kutoka tumboni au pajani, au utando wa msuli wa paja. Usishangae kuamka na kidonda kidogo pajani. Tundu likiwa kubwa huongezwa mrija mgongoni wa kupunguza shinikizo la maji kwa siku chache. Utafiti wa Pittsburgh uliochapishwa mwaka 2018, uliowagawa wagonjwa kwa kura, uliona uvujaji wa asilimia 8.2 kwa waliowekewa mrija na asilimia 21.2 kwa wasiowekewa.

Kama uliwahi kufanyiwa upasuaji wa pua, mwambie daktari. Huenda utando wa kiraka hicho ulishatumika au mshipa wake ulishakatwa, na itabidi atafute kingine mapema.

Karotidi ikichanika je?

Ni nadra, chini ya mgonjwa 1 kati ya 100 katika upasuaji wa pituitari, ila hatari ni kubwa zaidi kwa kodoma na uvimbe mwingine unaoikumbatia ateri. Ikitokea, damu hufunika kamera mara moja. Timu hubana kwa kipande cha msuli kilichopondwa, kisha mgonjwa hupelekwa kwenye chumba cha mishipa ya damu kuzibwa kutokea ndani. Uliza kama hospitali ina chumba hicho. Kabla ya kufungua, timu makini huisikiliza ateri kwa kifaa kidogo cha mawimbi ya sauti ili ijue ilipo.

Nitapoteza kunusa? Na macho?

Kunusa hupungua kwa wiki kadhaa kwa karibu kila mtu, kwa sababu pua imevimba na ina magamba. Kwa uvimbe wa pituitari, wengi hurudiwa na harufu ndani ya miezi michache. Uvimbe ukiwa juu kabisa ya pua, kwenye neva za kunusia zenyewe, kunusa kunaweza kupotea moja kwa moja, na hilo linapaswa kusemwa kabla hujatia saini. Macho yaliyofifia kwa kubanwa mara nyingi hupata nafuu, wengine saa chache tu baada ya kuamka. Yaliyobanwa miaka mingi hurudi kwa shida.

Kijana wangu ana miaka 14 na anatokwa damu nyingi pua moja. Inahusiana?

Inaweza. Wavulana wa rika hilo hupata uvimbe uitwao anjiofibroma, si saratani, lakini umejaa mishipa ya damu. Kijana mwenye pua iliyoziba upande mmoja na damu ya mara kwa mara asikatwe kipande cha kupima kliniki. Damu yake inaweza isizuilike. Apigwe picha kwanza. Kabla ya upasuaji, mishipa inayoulisha uvimbe huzibwa, na mara nyingi unatolewa wote kwa endoskopu.

## Kurudi nyumbani

Nisifanye nini, na kwa muda gani?

Kwa kawaida wiki 4 hadi 6, daktari wako atakupa siku zako. Usipenge kamasi. Chafya ikija, fungua mdomo itokee huko. Usibebe ndoo wala dumu. Usijikamue chooni, omba dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Usinywe kwa mrija. Usijifukize nyungu, na usivute ugoro wala sigara. Lala kichwa kikiwa kimeinuliwa kwa mito miwili.

Naweza kusujudu?

Si katika wiki hizo. Kuinamisha kichwa chini kunaongeza shinikizo palepale kwenye kiraka. Sali ukiwa umekaa kwenye kiti, kwa ishara ya kichwa kidogo. Sharia imemruhusu mgonjwa. Wazee wetu wengi huona haya kukaa kitini msikitini, na wapo wanaoficha kwamba wamesujudu. Ndugu wawasaidie kwa upole.

Pua inaoshwaje?

Kwa maji ya chumvi, kuanzia siku atakayosema daktari, mara kadhaa kwa siku hadi magamba yaishe, jambo ambalo huweza kuchukua miezi mitatu. Maji yawe yamechemshwa na kupozwa, au yawe maji ya hospitali yasiyo na vijidudu. Maji ya bomba au kisima bila kuchemsha yasiingie puani kabisa: yanaweza kubeba amiba wanaopanda hadi kwenye ubongo.

Dalili gani zinanirudisha hospitali usiku huohuo?

Maji maangavu yanayotiririka puani ukiinama, au ladha ya chumvi kooni. Homa pamoja na kichwa na shingo kukakamaa. Kuona kufifia. Damu isiyokoma. Usingizi usio wa kawaida au kuchanganyikiwa, hasa kati ya siku ya 4 na ya 10, wakati ambapo sodiamu ya damu hushuka kwa baadhi ya wagonjwa wa pituitari wakiwa tayari nyumbani. Ndugu hudhani ni uchovu. Kipimo cha damu cha siku ya 7 kipo kwa sababu hiyo. Usikiruke kwa vile unajisikia vizuri.

Nakojoa lita nyingi na kiu haikatiki. Ni kisukari?

Si kile cha sukari. Pituitari ikisumbuliwa, homoni ya kuzuia mkojo hupungua. Mara nyingi hupita ndani ya siku chache; ikiendelea kuna dawa, desmopresini. Andika unachokunywa na unachokojoa, na usijizuie kunywa.

Na kufunga Ramadhani?

Ikiwa unatumia haidrokotisoni (dawa inayochukua nafasi ya homoni ya kotisoli) au desmopresini, usifunge bila kuzungumza na daktari wa homoni. Kuruka dozi ya haidrokotisoni kunaweza kumwangusha mtu siku hiyohiyo, na ukiugua homa au kutapika dozi huongezwa.

## Hali za pekee

Mtoto mdogo anaweza kufanyiwa?

Anaweza, ila tundu la pua ni dogo na sainasi ya sfenoidi huanza kujaa hewa akiwa na miaka mitatu hivi, kwa hiyo mfupa mwingi husagwa. Pima faida kwa kila mtoto peke yake.

Nitaanzia wapi kwa huku kwetu?

Kwa Tanzania, rufaa za ubongo hupelekwa MOI, Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam. Kwa Kenya, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ni mojawapo ya pa kuanzia. Ukitumwa nje, beba picha zenyewe kwenye diski, si karatasi ya majibu tu, na uombe ripoti ya upasuaji kabla ya kurudi. Usipande ndege hadi timu ithibitishe kwamba hakuna hewa iliyobaki ndani ya fuvu, kwani hewa hiyo hutanuka angani.

Nilianguka na bodaboda miaka miwili iliyopita. Tangu hapo pua moja inatoa maji, nimetibiwa mafua mara tano.

Mafua hutoka pua zote na yana siku zake. Maji ya pua moja, maangavu kama ya kisima, yanayozidi ukiinama kufunga viatu, ni ya kuchunguzwa kama maji ya ubongo. Hutokea pia bila ajali, hasa kwa wanawake wanene wenye shinikizo kubwa la maji kichwani. Kinga maji hayo kwenye chupa safi uende nayo. Maabara zinazoweza hupima protini iitwayo beta-2 transferini, ambayo kamasi ya kawaida haina. Ikithibitika, CT hutafuta ufa, na ufa huzibwa kwa endoskopu kama ilivyoelezwa kwenye swali la kuziba. Wakati unasubiri, uliza kuhusu chanjo ya nimonia, na homa yoyote yenye kichwa kuuma iwe sababu ya kwenda hospitali bila kungoja asubuhi.